Deraya ya farasi asiyekula majani

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kusikiliza.)



Mwezi Aprili mwaka 2006 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza deraya ya farasi. Bei yake ilikuwa sawa na dola mbili na nusu. Farasi mwenyewe hali majani wala hanywi maji, kwa sababu ni farasi wa ndani ya mchezo wa kompyuta, na deraya yake haikuwa na chuma hata chembe. Ilikuwa picha ya chuma. Watu walicheka, wengine wakakasirika, na wengine, kama ilivyo kawaida ya binadamu, walicheka huku wakitoa pesa. Ni hao wa mwisho ninaotaka tuwazungumzie leo, lakini hatuwezi kuwaelewa kabla ya kuuelewa mchezo wenyewe.

Unaitwa Oblivion. Kwa jina kamili ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, wa nne katika mfululizo ulioanza mwaka 1994. Ulitengenezwa na Bethesda Game Studios ya mji wa Rockville, jimbo la Maryland, chini ya uongozi wa Todd Howard, ukaingia madukani Machi 2006. Tarehe 22 Aprili 2025 ulitolewa upya bila matangazo marefu ya kabla, na katika siku chache tu kampuni ikasema kwamba watu zaidi ya milioni nne wamekwisha kuucheza, wakiwamo wale wanaolipia huduma ya mwezi. Ni bidhaa chache za kompyuta zinazoweza kurudi baada ya miaka 19 zikakuta watu bado wanagombana juu yake.

Wengi wetu tukisikia neno gemu tunafikiria banda la mtaani lenye televisheni mbili tatu, vijana wawili wawili wamekaa kwenye benchi, wanacheza mpira, dakika chache, aliyefungwa anampisha mwenzake. Oblivion si mchezo wa namna hiyo. Hauna mpinzani aliyekaa pembeni yako, hauna kipenga cha mwisho, na anayetaka kuona kila kilichomo atahitaji saa mia moja na zaidi. Katika banda la kulipia kwa muda, mchezo huu ungemfilisi mtu kabla hajafika mji wa kwanza.

Unaanza ukiwa mfungwa. Kosa lako hulijui, na hakuna atakayekuambia. Ghafla anaingia Mfalme Mkuu wa nchi, mzee, wanawe wamekwisha kuuawa, naye anakimbia wauaji. Njia yake ya siri ya kutorokea, kwa bahati, imo ndani ya chumba chako cha gereza. Unamfuata. Mzee anauawa mbele ya macho yako, lakini kabla ya hapo anakukabidhi mkufu wa kifalme uupeleke kwa mtu fulani. Unapita katika mifereji ya majitaka, unapambana na panya na vibwengo, mwishowe unafungua wavu wa chuma na kutokea nje. Mbele yako kuna ziwa, ng'ambo yake magofu ya mawe meupe, na nyuma yake vilima na misitu hadi upeo wa macho.

Hapo mchezo unakuachia. Unaweza kuupeleka mkufu kama ulivyoagizwa. Unaweza pia kuufutika mfukoni ukaenda kuchuma maua, kununua nyumba, kujiunga na wezi au kusomea uchawi, na ukifanya hivyo kwa miezi sita adui wa taifa zima atakungoja bila kinyongo. Kwa watu waliokuwa wamezoea michezo inayowasukuma mbele kama abiria katika basi, kutoka kwenye mfereji ule na kukuta nchi nzima iko wazi lilikuwa jambo ambalo hawakulisahau. Ukimwuliza mtu mzima aliyeucheza mwaka 2006, atakusimulia dakika ile kabla ya kukusimulia kisa chenyewe.

Na kisa chenyewe, tuseme kweli, si kitu cha ajabu. Milango ya kuzimu inafunguka nchi nzima, nawe unaifunga. Ukifika mlango wa tano umechoka. Utamu umo katika visa vya pembeni. Kuna mchoraji aliyepotea, na mkewe analia, kumbe yumo ndani ya mchoro wake mwenyewe. Inabidi uingie humo ukamtafute kati ya miti ya rangi. Kuna nyumba moja ambayo wageni watano wamealikwa na kuambiwa kwamba imefichwa hazina ndani yake, mlango ukafungwa. Wewe ni mgeni wa sita, na umelipwa uwaue wote, mmoja mmoja, huku walio hai wakitafuta mchawi wao ni nani na kukuomba ushauri wewe. Mwandishi wa riwaya za upelelezi angejivunia kisa kama hicho.

Sasa ugomvi. Walioanza kulalamika hawakuwa maadui wa mchezo huu, walikuwa ndugu wa damu. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa mchezo wa tatu, Morrowind, uliowekwa katika kisiwa cha majivu na uyoga mrefu kama minazi, ambako watu husafiri juu ya mdudu mkubwa kuliko nyumba. Katika Morrowind ukiagizwa mahali, unaelekezwa kama tunavyoelekezana sisi: fuata mto, ukifika darajani kata kushoto, utaona jiwe kubwa, uliza hapo. Unapotea, na katika kupotea unakutana na mambo. Oblivion ukaleta mshale. Kila unachotafuta kina alama yake, unaufuata mshale hadi mlangoni, na ukichoka kutembea unagusa ramani ukajikuta umefika. Wapenzi wa Morrowind walisema nchi ngeni imegeuzwa kuwa nchi ya kawaida ya misitu na ngome, na msafiri amegeuzwa kuwa tarishi. Waliowajibu walisema mtu aliyetoka kazini saa moja usiku hana saa mbili za kutafuta jiwe. Mimi nawaunga mkono wa jiwe, ingawa najua kwamba huo mshale ndio uliowaingiza mamilioni ya watu ambao wasingeingia kamwe.

Ugomvi mkubwa zaidi unahusu nguvu. Katika michezo ya aina hii mchezaji huanza dhaifu, hupigana, hujifunza, hupanda ngazi, na raha yake ni kumrudia yule jambazi aliyemkimbiza jana. Lakini ukimruhusu mtu aende popote saa yoyote, utajuaje kama atafika pangoni akiwa mwanagenzi au shujaa? Jibu la watengenezaji wa Oblivion lilikuwa kuufanya ulimwengu upande pamoja naye. Ukiwa ngazi ya kwanza unakutana na panya na mbwamwitu. Ukifika ngazi ya ishirini, viumbe wakubwa wa kutisha wameshika zamu, na majambazi wa barabarani, wale wale wanaokudai sarafu mia moja wakuache upite, wamevaa deraya za kioo ambazo mtu akiziuza anapata bei ya kibanda cha ufukweni katika mji mkuu na chenji inabaki. Mtu mwenye mali hiyo mwilini anakuvizia porini kwa sarafu mia! Msikilizaji anayekaa mjini ataelewa upesi: mshahara umepanda, unarudi nyumbani kwa furaha, mwenye nyumba yuko mlangoni na kodi nayo imepanda.

Kulikuwa na jambo la kuchekesha zaidi. Mchezo ulihesabu maendeleo yako kwa stadi saba ulizozichagua mwanzoni. Aliyechagua biashara, maongezi na kurukaruka alipanda ngazi kwa kupiga soga na kurukaruka njiani, halafu ulimwengu ukamletea maadui wa ngazi hiyo, naye upanga hajui kuushika. Na kwa kuwa ngazi huipati mpaka ulale kitandani, wajanja waligundua kwamba njia rahisi ya kuokoa nchi ni kutolala kabisa. Ukibaki dhaifu, na adui anabaki dhaifu. Hakuna kinachokukataza kufika mwisho wa kisa kikuu hivyo. Wanaoutetea mpango huu wanasema ndio uliofanya pasiwepo mlango uliofungwa kwa mgeni, na kwa saa ishirini za kwanza ni kweli kabisa. Baada ya hapo mtu huanza kujiuliza anachopigania ni nini. Watengenezaji wenyewe walisikia. Katika Skyrim, mchezo wa tano uliotoka Novemba 2011, walipunguza jambo hilo na kuyapa maeneo mengi mipaka yake ya ugumu.

Mimi kazi yangu ni sauti, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo hapa. Kampuni ilimwajiri Patrick Stewart, mwigizaji mkubwa wa Uingereza, awe sauti ya yule Mfalme Mkuu, na Mfalme Mkuu anakufa kabla hujatoka gerezani vizuri. Akawamo pia Sean Bean, akawamo Terence Stamp. Kisha watu wa nchi nzima, mamia kwa mamia, wakagawiwa waigizaji wachache mno. Unazungumza na askari wa lango, unaingia dukani, muuzaji ana koo lile lile, unatoka nje, mkulima naye vile vile. Ombaomba anakulilia kwa sauti ya kutetemeka, ukimwuliza habari za mjini anakujibu kwa sauti safi ya mtu aliyekunywa chai ya asubuhi, kisha anarudi kutetemeka. Redioni tunamjua mwigizaji anayebeba wahusika watatu katika mchezo mmoja, lakini huyo hubadili koo, na mpanga mchezo huhakikisha hakutani na nafsi yake mlangoni.

Zaidi ya hayo, watu wa Oblivion walipewa ratiba zao: kuamka, kula, kwenda kazini, kulala, na kuzungumza wao kwa wao. Lilikuwa wazo kubwa kwa wakati wake. Matokeo yake ni mazungumzo ambayo yamekuwa kichekesho cha kudumu. Mmoja anasema juzi aliwaona kaa wa matope, mwenzake anajibu kwamba hao ni viumbe wabaya, wanaagana ghafla kama wenye ugomvi, kila mtu na njia yake. Na ukitaka mtu akupende unazungusha gurudumu lenye vitendo vinne, kusifia, kutania, kujisifu na kutisha, na vyote vinne ni lazima uvitumie kila mzunguko. Maana yake ni kwamba huwezi kufanya urafiki na mtu yeyote bila kumtishia kidogo. Kuna hata mahali ambapo mwigizaji mmoja alikosea mstari, akaomba arudie, akarudia, na yote hayo yakabaki ndani ya mchezo. Mhariri wa kipindi angefukuzwa kwa hilo. Lakini toleo la mwaka 2025 liliongeza waigizaji wapya kwa ajili ya baadhi ya makabila ya mchezo, na kosa lile likaachwa lilipo, kwa sababu mashabiki wanalipenda.

Basi turudi kwa farasi.

Mashine ya Xbox 360 ilipotoka Novemba 2005 ilikuja na duka ndani yake, lililounganishwa na intaneti. Oblivion kwenye mashine hiyo uliuzwa karibu dola 60. Wiki chache baadaye kampuni ikaweka katika duka lile deraya ya farasi kwa pointi 200 za Microsoft, yaani dola mbili na nusu. Kwenye kompyuta ilikuwa senti moja pungufu ya dola mbili. Piga hesabu: kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya bei ya nchi nzima, na miji yake, na mapango yake, na mchoraji wake, ulipata vazi la mnyama mmoja. Vazi lilimwongezea farasi uhai kidogo. Hapakuwa na kisa kipya, wala mtu mpya, wala mahali papya.

Haikuwa mara ya kwanza duniani. Korea Kusini walikuwa wanauza nguo za picha miaka kadhaa kabla, katika michezo kama MapleStory wa mwaka 2003. Lakini huko mchezo wenyewe ulikuwa bure, na muuza nguo alikuwa anatafuta chakula chake. Hapa mteja alikuwa amekwisha kulipa mlangoni, amekaa mezani, amekula, ndipo akaletewa bei ya kitambaa cha mezani. Hicho ndicho kilichowaudhi watu, si zile dola mbili. Kampuni nayo ilijua kwamba imechekwa. Tarehe 1 Aprili 2009, siku ya wajinga, ilipunguza bei za nyongeza za Oblivion, na bei ya deraya ikaizidisha mara mbili.

Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2007, ilitoa nyongeza iliyoitwa Shivering Isles kwa dola 30. Hiyo ilikuwa nchi nyingine kabisa, inayotawaliwa na mungu mwendawazimu, nusu yake ya furaha ya kichaa na nusu ya huzuni ya kichaa, yenye visa vya kuchukua saa nyingi. Wengi wanasema ndiyo sehemu bora ya mchezo wote. Nyumba moja, katika muda wa mwaka mmoja, iliweka mezani bidhaa mbili: moja iliyosifiwa na moja iliyozomewa. Soko likafuata ile iliyozomewa.

Sababu haihitaji shahada. Shivering Isles ilitaka waandishi, wachoraji, waigizaji, wanamuziki na miezi mingi ya kazi. Deraya inataka wachoraji wachache na muda mfupi. Ile ya kwanza mteja huinunua mara moja. Ile ya pili unaweza kumwuzia nyingine kesho, ya rangi ya bluu. Mwaka 2009 mchezo wa mpira wa FIFA ulianzisha sehemu iitwayo Ultimate Team, ambako unanunua bahasha ya wachezaji bila kujua ndani kuna nani. Mwaka 2017 ukaja Fortnite, wa bure, unaoishi kwa kuuza mavazi. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba bahasha za namna hiyo ni kamari, na kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi zake za FIFA katika nchi hiyo Januari 2019. Bethesda wenyewe walijaribu jingine Aprili 2015: marekebisho ambayo mashabiki wa Skyrim walikuwa wakiyatengeneza na kupeana bure, yakaanza kuwekewa bei. Zogo lililozuka lilikuwa kubwa hata mpango ukafutwa katika siku nne.

Kwa hiyo wako wanaosema farasi ndiye aliyeleta balaa. Mimi naona kwamba wanamlaani mnyama asiyestahili. Deraya ile ilikuwa na bei inayojulikana, mnunuzi aliiona kabla ya kulipa, alipata alichokiona, na asiyenunua hakupungukiwa kitu. Ilikuwa biashara ya kipuuzi, lakini ya wazi. Bahasha ya mpira haina nyingi kati ya sifa hizo. Kijana analipia asichokijua, anapata asichokitaka, na asiponunua anafungwa mabao na aliyenunua. Ukimshika mwanao ametumia salio la simu kwa bahasha kumi na mchezaji aliyemtaka hakutoka, usimwulize habari za farasi.

Lakini farasi alifundisha jambo, na aliyefundishwa ni muuzaji. Kabla ya Aprili 2006 mwenye kampuni angeweza kuogopa kwamba kumchekesha mteja ni kumpoteza. Baada ya hapo ilijulikana kwamba kicheko na malipo vinaweza kutoka kwa mtu mmoja, siku moja, bila kugongana. Zogo halikumzuia mtu kununua mchezo uliofuata. Skyrim iliuzwa kwa mamilioni, kwa watu wale wale, wengi wao wakiwa bado wanaikejeli ile deraya.

Na wengine hawakukejeli, walifanya kazi. Kwa miaka mingi kundi la watu wa kujitolea limekuwa likiijenga upya nchi yote ya Oblivion ndani ya Skyrim, jiwe kwa jiwe, bila malipo, kwa mradi walioupa jina la Skyblivion. Wengine tangu mwaka 2006 walitoa marekebisho ya kuwanyang'anya majambazi deraya za kioo na kurudisha hatari mahali pake. Ukitaka kupima mchezo una uzito gani, tazama ni wangapi wamekubali kuutengeneza bure usiku baada ya kazi zao.

Toleo la mwaka 2025 lilifanywa na Bethesda pamoja na kampuni ya Virtuos yenye makao yake Singapore. Mafundi wetu wa mabasi wangelielewa mara moja: chasisi ni ile ile ya zamani, bodi ni mpya. Picha zinachorwa na mtambo wa kisasa, lakini chini yake mambo yanaendeshwa na ule wa mwaka 2006, pamoja na milio yake ya kukwaruza. Namna ya kupanda ngazi imerekebishwa, na sasa kurukaruka hakukuponzi kama zamani. Hata hivyo ulimwengu bado unapanda nawe, kwa hiyo ule ugomvi umepata wachezaji wapya, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipoanza. Kaa wa matope bado wanasemwa vibaya barabarani.

Toleo la kawaida liliuzwa dola 50 kasoro senti moja. La kifahari likaongezwa dola 10, na katika vitu vinavyofuatana na hizo dola 10 zimo deraya za farasi. Kampuni ilijua inachokifanya, na wanunuzi walijua kwamba inajua. Ile deraya ya zamani, iliyozua zogo mwaka 2006, imo bure ndani ya toleo la kawaida. Hizi mpya ndizo za kulipia.